Nani amekula entanda ya Mwalimu Kokubanza?

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Kihanga, wilayani Karagwe. Mutalemwa anakaza mkanda wa mwisho nyuma ya kiti cha magurudumu cha umeme, anajifuta mikono kwenye suruali, kisha anamgeukia mwandishi wa makala haya.

"Andika hivi, kijana," anasema. "Entanda yangu haijawahi kumwacha mtu njiani. Na leo haimwachi."

Mwandishi anaandika. Anatumia penseli, kwa sababu kalamu imegoma.

"Umeandika 'haijawahi'?"

"Nimeandika."

"Ipigie mstari."

Mstari ukapigwa. Haikupita saa moja, ukaanza kumtia aibu aliyeuagiza na aliyeuchora.

Kwa Wanyambo na Wahaya, entanda ni chakula cha njiani: ndizi au viazi vilivyofungwa kwenye jani la mgomba, msafiri avibebe ili njaa isimkute mahali asipo na ndugu. Mutalemwa, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, amelichukua neno hilo akalibandika kwenye kitu anachokitengeneza mwenyewe: betri ya akiba ya viti vya umeme vya watu wenye ulemavu wa miguu.

Ina kilo mbili na nusu. Imeshonewa mfuko wa gunia la kahawa na inaning'inia nyuma ya kiti. Betri kubwa zikiishiwa, mwenye kiti anabonyeza swichi moja na safari inaendelea. Pembeni ina tundu la kuchajia, ili aliyekwama aweze kuipa simu yake pumzi na kuita ndugu.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa umeme wa pikipiki. Kwa miaka kumi na miwili alitengeneza taa na honi za bodaboda, "na zile redio za makelele ambazo wenyewe wanaziita muziki." Siku nzuri ilimpa shilingi elfu kumi na tano. Siku ya mvua ilimpa matope.

Aliyemwingiza kwenye viti ni Kokubanza, mwalimu wa darasa la pili, ambaye shule yake iko kilomita tatu kutoka nyumbani. Kiti chake alikipata kwa msaada, kikiwa kimeshatumika huko kilikotoka, na betri zake zilikuja zimechoka. Mwaka jana, mwezi wa Novemba, kilimzimikia katikati ya mlima wa shuleni. Mvua ilikuwa inanyesha, naye mapajani ana karatasi za mtihani za wanafunzi sitini na wanane.

"Kiti peke yake kina kilo sabini," anasema. "Zangu sizitaji. Walikuja wanaume wanne, wakanibeba huku wanabishana njia nzima nani kashika upande mzito. Nikawaambia, jamani, upande mzito unawasikia."

Mmoja wa wanaume hao alikuwa Mutalemwa. Jioni ileile aliomba azione hizo betri.

Seli zake anazitoa kwenye taa za sola na kompyuta zilizotupwa. Kila seli anaijaza, anaiandika namba, anaiweka rafuni wiki nzima bila kuigusa, kisha anaipima tena. Iliyoshuka bila kufanya kazi anaiita mvivu na kuitoa kundini. Katika kumi, wachapakazi huwa watatu au wanne.

Ni kazi ya kungoja, na Mutalemwa hajui kungoja. Katika mazungumzo ya nusu saa aliinuka kwenye benchi mara tisa: kukagua tairi, kukagua mkanda, kukagua mawingu, kukagua mkanda uleule.

Jumamosi hiyo alikuwa na sababu. Adventina, mtaalamu wa mazoezi ya viungo kutoka hospitalini, alikuwa amekuja na fomu. Karagwe na Kyerwa kuna viti saba vya umeme vinavyolala ndani kwa sababu wenyewe wanaogopa kukwama; viwili kati yavyo viko Nyakatuntu. Entanda ikipanda mlima wa shule bila msaada wa betri kubwa, Adventina ataandika "inafaa" na viti vyote saba vitaletwa kwa Mutalemwa. Ikishindwa, fundi anarudi kwenye honi zake.

"Ta Mutalemwa, si uangalie chaji kwanza?" Adventina alimuuliza, kwa lile "Ta" la heshima la Kihaya, kabla hawajatoka uani.

"Niliijaza jana mchana, taa zote tatu zikawaka kijani. Jioni nikamletea mwalimu mwenyewe hapa. Hata umeme ulipokatika usiku, sisi tulikuwa tumeshashiba."

"Fungua tu mfuko tuone."

"Wee! Entanda haifunguliwi uani. Anayeifungua uani ataiona njaa njiani."

"Nani kasema?"

"Bibi yangu. Na hakuwahi kukwama popote."

Mwandishi, aliyekuwa hapo nyumbani kwa mwalimu tangu saa kumi na mbili asubuhi, alipiga picha za kutosha. Kwa bahati nzuri, ingawa umeme ulikuwa umekatika kijiji kizima, simu zake zote mbili zilikuwa zimejaa.

Msafara ukashuka hadi darajani. Hapo Mwalimu Kokubanza akazima betri kubwa, akabonyeza swichi ya entanda, na kiti kikaanza kupanda. Mutalemwa alitembea kulia kwake, akahamia kushoto, akatangulia mbele, akarudi nyuma, kama kuku aliyeona kivuli cha mwewe.

Kona ya kwanza ilipita. Ikapita nyumba iliyoanika kahawa kwenye mkeka. Mutalemwa akaanza kutabasamu.

Ndipo kiti kikaguna. Kikapunguza mwendo, kikatetemeka kidogo, kikasimama.

Bodaboda aliyekuwa anashuka alifunga breki ili asipitwe na jambo. "Fundi, piga kiki!"

Watu walicheka, ila Mutalemwa hakucheka.

"Ta Mutalemwa," Mwalimu Kokubanza aliita taratibu, "entanda yangu imeliwa na panya?"

"Subiri, mwalimu. Subiri kidogo." Alibonyeza swichi. Akavuta waya huu, akavuta ule. Akaweka sikio kwenye mfuko kama anayesikiliza mgonjwa. Akaufungua, na taa zote tatu za kijani zilikuwa zimezimika.

Mwandishi, aliyesoma fizikia hadi kidato cha nne, alitoa maoni kwamba huenda ni baridi ya asubuhi.

Mwalimu akarudi kwenye betri kubwa, akageuza kiti kuelekea nyumbani. Adventina alimfuata akiwa ameikumbatia fomu yake kifuani. Hakuiandika, lakini pia hakuikunja.

Uani, Mutalemwa alitandika mkeka, akaichana entanda na kupanga seli zake zote arobaini na mbili. Alizipima moja moja. Alipomaliza alianza upya kutoka mwisho kuja mwanzo.

"Hii ni ajabu," alisema. "Hakuna hata mmoja mvivu. Seli mbovu hufa peke yake, wenzake wakabaki. Hizi zimeshuka zote sawasawa."

"Maana yake nini?" Adventina aliuliza.

"Maana yake zimefanya kazi. Sasa kazi gani, na kiti kimelala usiku kucha?"

Akakaa chini. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, Mutalemwa akatulia, na ilikuwa vigumu kumtazama.

"Kuna mama mmoja Nyakatuntu, fundi cherehani," alisema. "Hajafika gulioni tangu Pasaka. Juzi nilimpigia simu nikamwambia, mama, tayarisha vitenge vyako, nakuja. Nimeshatoa makorokoro yote ya pikipiki rafuni ili viti vipate nafasi. Mpango wangu ulikuwa hadi Krismasi vyote saba viwe barabarani." Akaokota seli moja, akaigeuza kidoleni. "Sasa nikimpigia tena nimwambie nini?"

"Mwambie angoje," alisema Mwalimu Kokubanza. "Kungoja tumezoea, Ta. Ila kungoja mlimani hatuzoei."

Adventina akaitoa kalamu yake kwenye nywele. "Ta Mutalemwa, usinichukie. Mimi naandika nilichokiona."

"Andika, mwanangu."

Wakati huohuo Ma Adelgunda, mama mzazi wa Mwalimu Kokubanza, mwenye umri wa miaka sabini na mitatu, alitokea kibanjani, kwenye migomba nyuma ya nyumba, na mkungu wa ndizi kichwani. Aliitikia shikamoo za wote, akatua mkungu, akazitazama seli kwenye mkeka kama anayetazama maharage yaliyoota ukungu. Kisha akamgeukia mwandishi wa makala haya.

"Mwanangu, na lile tofali lako lilijaa?"

"Tofali gani, mama?" aliuliza Mwalimu Kokubanza.

"La kuchajia. Asubuhi wewe ulipokuwa unavaa, nilimkuta kachomeka nyaya hapo kwenye mfuko wa kiti. Simu mbili, kompyuta na hilo tofali. Alizichomoa aliposikia sauti ya Mutalemwa njiani. Nikasema moyoni, labda hawa wa magazeti ndivyo wanavyopima betri."

Begi la mwandishi lilikuwa kwenye benchi. Watu wanne walilitazama. Mutalemwa akainuka, akaingiza mkono, akaibuka na tofali jeusi, betri ya akiba ya simu, na kulibonyeza. Taa nne zikawaka, zote, kwa furaha kabisa.

"Hii hapa entanda," alisema.

"Baridi ya asubuhi!" Mwalimu Kokubanza alicheka hadi akashika gurudumu asianguke. "Kidato cha nne, jamani! Baridi ya asubuhi!"

Adventina akarudisha kalamu kwenye nywele. "Jumatatu saa moja, mwalimu akienda kazini. Upya. Na kabla ya kuondoka mfuko unafunguliwa, bibi yako apende asipende."

"Utafunguliwa," alisema Mutalemwa, ambaye alikuwa ameshapiga magoti na kuanza kurudisha seli, mikono ikienda haraka kuliko maneno. "Na lile tundu nalitilia kufuli. Simu moja tu, ya mwenye kiti." Akanyanyua kichwa. "Kijana, ile sentensi yangu uliiandika kwa penseli?"

"Kwa penseli, Ta."

"Usithubutu kuifuta."

Ma Adelgunda alichukua kisu, akakata kichane cha ndizi, akaanza kumenya bila kumwangalia mtu.

"Mwacheni, ni mgeni," alisema. "Ila Jumatatu ukija kwetu, mwanangu, njoo na entanda yako."