Fundi Asiyehusika

Fundi wa mashine ya kukoboa kahawa pale Muyinga, ambaye pia ni katibu wa chama cha wafanyakazi, huongea taratibu kama anaogopa kumwamsha mtoto. Asubuhi hufuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe, hutega sikio, kisha huizaba mashine kofi moja ubavuni. Bila hilo kofi haiwaki. Benki ilipomshitaki mwenye kiwanda kwa deni ili iuze mashine, chama kiliomba kuingia kwenye kesi, mishahara ya miezi saba ambayo hawajalipwa isije ikasahaulika. Mahakamani Gitega, wakili wa benki alicheka: wafanyakazi hawahusiki.

Juzi mahakama ikaja kiwandani kukagua mashine. Wakili akabonyeza swichi, akabonyeza tena, mpaka tai ikalowa jasho. Mnunuzi aliyeletwa na benki akaanza kutazama saa.

“Fundi, washa,” jaji akasema.

“Mi siko mu kesi, muheshimiwa. Maître alisema,” fundi akajibu, akimwelekezea wakili kidevu.

Wafanyakazi wakatazama dari wasije wakacheka. Wakili akamtazama mnunuzi, akasema benki haina tena pingamizi chama kuingia kwenye kesi. Jaji akamwamuru karani wa mahakama akiandike chama kwenye kesi. Fundi akaenda kusimama nyuma ya karani.

“Mama, andika jina ya chama yote. Usitie ‘na wengine’.”

Karani akafuta, akaanza upya.