Miguu ya Restituta

Kagoma nzima waliijua miguu ya Restituta kuliko uso wake. Miguu mipana, yenye magaga kisiginoni kama shamba la mwezi wa nane. Kila alipotaka kukamua ndizi aliisugua kwa jiwe na majivu mpaka ikawasha, akaisuuza mara tatu, ndipo akapanda kwenye ule mtumbwi wa kukamulia, mkono mmoja kwenye nguzo. Hakuna mtu pale kijijini aliyewahi kuusugua hata mdomo wake namna ile, na ukisikia yaliyokuwa yakitoka kwenye midomo hiyo utajua ilihitaji kusuguliwa.

Mtumbwi ulikuwa wa mumewe, Ildefons. Kukanyaga ndizi za pombe ni kazi ya mwanaume. Mwanamke anamenya, anachota maji, anakaanga mtama, basi. Ildefons alipokufa ndugu zake wakaja kuuchukua mtumbwi. Restituta akawaambia wangoje arobaini ipite. Arobaini ilipopita wakamkuta amesimama ndani yake, gauni amelifunga juu ya magoti, ndizi zinalia chini ya nyayo. Wakatema mate, wakaondoka. Jioni mmoja wao akarudi na kidumu.

Ndivyo walivyokuwa. Miaka kumi na tisa waliinywa rubisi ya Restituta, ile pombe ya ndizi, kwa mlango wa nyuma na kuisifu kwa kunong'ona. Ikija harusi, wanakwenda kwa Byabato, mwanaume, ambaye anakamua na mabuti yale yale aliyoingia nayo kwenye zizi asubuhi. Maana pombe ya miguu ya mwanamke haisimami mbele ya wakwe. Nani alisema? Hakuna aliyejua. Lakini wote waliishika kuliko walivyozishika amri za Mungu, ambazo ni kumi tu na zinawashinda.

Sasa Lwakatare, mwenye kibanja kikubwa cha migomba kule juu karibu na kanisa, alikuwa anamtoa binti yake Joviana. Wakwe wanatoka Kanazi, na watu wa Kanazi kwa kunywa hawana mchezo. Kwenye harusi ya mdogo wa Lwakatare, Byabato aliwaletea kitu kikali kama siki, na aibu ile Lwakatare hakuisahau. Akaja mwenyewe kwa Restituta, kwa mlango wa mbele, akavua kofia.

"Ma Restituta," akasema, "Jumamosi nataka yako. Madumu kumi. Itakaa mbele ya wakwe, na nitasema ni ya nani."

Restituta akaingia ndani akajifanya anatafuta kitu. Hakutaka Lwakatare amwone usoni. Alipotoka akamwambia tu kwamba ndizi zitakuwa zimeiva, atakamua Alhamisi. Siku ile akazipanga ndizi shimoni, akazifunika majani, na usiku hakulala kwa kuziwaza.

Na hapo ndipo Waswisi walipoingia.

Hao walikuwa na ofisi mjini Bukoba, kule Kitendaguro, nyumba ya kupanga yenye geti jeupe. Kazi yao ilikuwa kuzungukazunguka. Leo wanawaonyesha watoto nyota, kesho wanapiga ngoma na kina mama, keshokutwa wanapima maji ya ziwa. Ukiuliza wanatafuta nini unaambiwa ni kubadilishana, wao wanaleta sayansi yao, sisi tunatoa utamaduni wetu. Mkubwa wao alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, Daktari Regula, anayecheka hata asipoambiwa kitu. Na mkalimani wao alikuwa Derick, mtoto wa kaka yake Restituta, kijana wa chuo, shati limenyooka, ulimi umenyooka zaidi.

Derick akamleta Regula nyumbani kwa shangazi yake Jumatatu. Restituta akatandika nyasi mpya, akatoa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama anavyopewa mgeni yeyote mwenye heshima. Regula akachukua punje nne. Akazitazama kwenye mwanga. Halafu akatoa mfuko mdogo wa plastiki, akazitia humo, akaufunga, akaandika juu yake kwa kalamu.

Hapo Restituta angetakiwa kujua. Mtu anayeandika chakula badala ya kukila hana wema wowote wa kukuletea. Lakini Derick akasema kesho kuna siku ya sayansi pale shule ya msingi, na wageni wanataka kuiheshimu rubisi yake mbele ya watu wote, wapate chupa moja tu. Wanataka kuonyesha kwamba na sisi tuna sayansi yetu ya wazee. Restituta, mjinga wa siku moja, akawapa chupa ya pombe ya wiki ile, akaifuta kwa kanga safi.

Jumanne shule ikajaa. Kwanza wakagawiwa jibini la kwao. Jibini lile lilinuka kama soksi za mtu aliyetembea na mvua kutoka Muleba mpaka Bukoba. Watoto walilitemea mikononi. Regula akala vipande vitatu, macho amefumba kwa utamu. Baadaye wakaingizwa darasani, madirisha yamezibwa mablanketi, shuka jeupe ukutani, na mezani chombo chao cha kukuzia vitu, hadubini, kinachotupa picha kwenye lile shuka. Wakaonyesha unywele, ukawa mnene kama gogo. Wakaonyesha ganda la kitunguu. Watu wakapiga makofi.

Ndipo wakadondosha tone la rubisi.

Shuka likajaa vitu. Vya duara, vimebebana mgongoni, vingine vimezaa pembeni, na katikati vijiti vidogo vinajinyonganyonga kama funza kwenye kidonda cha mbuzi. Mama mmoja akaziba mdomo. Regula alikuwa anacheka kwa furaha, anavionyesha kwa fimbo. Derick akatafsiri kwamba Daktari anasema ni wazuri sana, wako hai, ndio wanaoifanya pombe iwe pombe, na shukrani nyingi ziende kwa shangazi yake Restituta aliyewaleta.

Aliyewaleta. Alisema hivyo mtoto wa kaka yake, mbele ya kijiji.

Byabato alikuwa amekaa nyuma kabisa. Hakupandisha hata sauti. "Hao wametoka kwenye magaga," akasema.

Darasa likapasuka kwa kicheko. Walicheka wale wale waliokunywa Jumapili. Restituta akatazama miguu yake ndani ya kandambili, akaikunja chini ya benchi kama mtoto aliyejikojolea. Katika maisha yake yote hakuwahi kuificha miguu ile, na kwa hilo hakumsamehe mtu hata mmoja aliyekuwemo mle ndani.

Jioni mke wa Lwakatare akaja, akasimama getini, akasema kwa mzunguko mrefu kwamba wamejikuta pombe inatosha. Restituta hakumsaidia kumaliza sentensi. Akamwacha aongee mpaka maneno yakamwishia, akafunga mlango. Kabla ya giza habari ikafika kwamba madumu kumi ni ya Byabato.

Mtu mwingine angelia. Restituta akachukua chupa yake moja, akamtuma jirani akanunue chupa moja kwa Byabato, na Jumatano asubuhi akapanda basi la Bukoba na chupa mbili kwenye kikapu. Pale getini mlinzi akamwuliza ana miadi. Akamwambia ana rubisi. Akapita.

Regula akafurahi kumwona kama anavyofurahia kila kitu. Restituta akamwambia Derick atafsiri neno kwa neno, asiongeze sukari: hii ni yangu, hii ni ya mwanaume, tazama zote. Wakatazama. Ilichukua muda mfupi tu. Regula akasema ni viumbe wale wale, na ukitazama ya mtu yeyote utawakuta, hawatoki miguuni, wanatoka kwenye maganda na mtama, na hawamdhuru mtu.

"Basi panda gari lako," Restituta akasema, "uje Kagoma uwaambie hivyo hivyo ulivyoniambia mimi. Umelisema la kwanza mbele ya watu. Na hili lisemee hapo hapo."

Waliongea kizungu, Regula na Derick, muda mrefu kuliko jibu lenyewe. Derick akasema, bila kumtazama usoni, kwamba ofisi haiingilii mambo ya ndani ya jamii, si utaratibu wao. Lakini Jumamosi watakuwepo kwenye sendofu ya Joviana kwa Lwakatare, wamealikwa kama wageni rasmi, watafurahi kumwona. Na Daktari ana zawadi.

Zawadi yenyewe ilikuwa picha kubwa, inang'aa, ya wale wadudu. Wadudu wa pombe yake, wamepakwa rangi ya bluu na ya machungwa. Kuna nyingine kama hiyo itakwenda Uswisi kwenye maonyesho, Derick akasema, na jina la shangazi litaandikwa chini. Restituta akaipokea, maana alifundishwa kupokea kwa mikono miwili hata kinyesi. Kwenye basi aliikalia, kiti kilikuwa na maji.

Alhamisi akakamua. Ndizi zilikuwa zimeiva, hazikujua habari za hadubini. Akasugua miguu, akasuuza mara tatu, akapanda. Akakanyaga asubuhi nzima peke yake, na pombe ikatoka nzuri kuliko zote alizowahi kutengeneza, nzuri kwa hasira. Madumu kumi. Akayapanga ukutani na dumu la kwanza akalifunika kwa ile picha.

Jumamosi akaenda kwa Lwakatare kama jirani yeyote, gauni la kitenge, akakaa kwenye ukingo wa turubai, mahali pa kuona. Waswisi walikuwa mbele pamoja na wakwe, kamera zimening'inia shingoni. Mbele ya wakwe alikaa Mzee Mutalemwa, baba mkubwa wa bwana harusi, mzee wa Kanazi mwenye masikio makubwa na maneno machache. Vibuyu vikaletwa. Lwakatare akanywa kwanza, kama inavyotakiwa, mgeni aone hakuna sumu, kisha akavipitisha. Mutalemwa akavuta mrija wake, akakunja uso kidogo, siki ya Byabato ni ile ile, lakini akameza. Ni adabu.

Kibuyu kikamfikia Regula. Restituta hakuwa anatazama bibi harusi wala ngoma. Alitazama mrija ule tu. Regula akauweka mdomoni, akatabasamu apigwe picha, na mrija haukupandisha kitu. Halafu, taratibu, akakiweka kibuyu chini ya kiti. Wenzake watatu wakafanya vivyo hivyo. Vibuyu vinne chini ya viti, kama vyombo vya wagonjwa.

Mutalemwa naye aliona. Akangoja ngoma inyamaze.

"Lwakatare, waitu," akasema kwa adabu, "wageni wako wameviweka vibuyu chini. Kuna kitu kwenye pombe hii ambacho sisi hatujaambiwa?"

Lwakatare akamtazama Byabato. Byabato akawa anatafuta kitu kwenye kiatu chake. Watu waliocheka Jumanne wakainamia vibuyu vyao. Restituta akasimama.

Akaeleza yote, bila kuharakisha: tone la pombe, shuka, wadudu, magaga, na chupa mbili za Jumatano. Akasema yule mwanamke aliyeona zote mbili ni huyo hapo, aulizwe, na mkalimani ni damu yake, hatadanganya mara mbili. Derick akatafsiri huku jasho linamtoka. Regula, tuseme ukweli, hakukataa. Akasema ndiyo, ni wale wale, na hawana madhara.

"Kama hawana madhara, mbona hunywi?" Mutalemwa akamwuliza.

Jibu likaja kidogo kidogo. Derick akalisema akiangalia nyasi. "Anasema tumbo lake halijazoea."

 Jumanne aliwaonyesha wadudu wakubwa kama panzi, akawaambia wazuri, wako hai. Kumbe wazuri wa kupiga picha.

Mutalemwa akakisukuma kibuyu cha Byabato mbele, polepole, na kidole kimoja. Akasema kama wadudu ni wale wale, basi wanywe wenye utamu, na yeye anataka ya mwanamke. Lwakatare akavuka turubai mwenyewe mbele ya wakwe zake wote, akainama kwa Restituta.

"Ma, ipo?"

"Ipo," Restituta akasema. "Madumu kumi, kama ulivyosema. Na haitoki nyumbani kwangu."

Akachukua kanga yake akaondoka. Hakufika mbali. Nyuma yake alisikia viti vinasukumwa, na Mutalemwa na wazee saba wa Kanazi wakaja wakimfuata kwenye njia ya migomba, mmoja na fimbo, mmoja anakohoa. Akawakalisha kwenye nyasi mpya. Akanywa kwanza. Akawapa. Walikaa mpaka jua likaelekea kuzama, na bibi harusi akaagwa na wakwe nusu. Lwakatare alikuja akasimama nje ya ua, kofia mkononi. Restituta alimwona vizuri sana. Hakumwambia karibu, wala hajamwambia mpaka leo.

Kabla ya kuondoka Mutalemwa akaagiza madumu ya harusi ya mwanawe wa mwisho, mwezi wa kumi na mbili, yatakayosimama mbele ya wakwe huko Kanazi. Akaitazama miguu ya Restituta, miguu yote miwili iliyonyooshwa mbele yake juani, akasema tu kwamba ni miguu ya kazi.

Jumapili Derick akaja kuomba radhi na kuomba picha ya shangazi akiwa ndani ya mtumbwi, ya kuweka pembeni ya ile ya wadudu huko Uswisi. Restituta alikuwa amekaa kwenye kigoda anasugua kisigino kwa jiwe. Akamwuliza kama watu wa huko watasoma kilichoandikwa chini. Derick akasema watasoma.

"Basi mwambie Daktari aandike kwamba yeye hakunywa."

Akaongeza majivu, akahamia mguu wa pili.