Nilimpangia dada yangu duka kama supamaketi ya Kitale, wateja wakaanza kuvua viatu mlangoni

Wakuu, niaje. Wale wa Bungoma, mulembe.

Hii story nawapa vile ilikuwa. Siwezi kuongeza chumvi kwa sababu dada yangu Nekesa anasoma hii forum kuliko mimi, na nikiteleza ataniumbua hapa hapa mbele yenu.

Kwanza mnijue. Nimefanya kazi ya kupanga bidhaa kwa supamaketi moja Kitale miaka saba. Sio kuweka tu vitu kwa shelf. Kupanga. Mimi ndiye nilikuwa naamua utapita wapi ukitafuta mkate.

Ushawahi kujiuliza mbona mkate na maziwa hukaa mwisho kabisa? Ni kwa sababu hivyo ndivyo vitu ulikuja kununua. Tukikuwekea mlangoni utachukua na uende. Lakini ukitembea mpaka kule nyuma, lazima upite biskuti, taulo, vikombe, na zile sufuria zinang'aa ambazo hukuwa unajua unazihitaji.

Kile tunataka ununue tunaweka usawa wa macho. Cha bei ya chini tunaweka chini, uiname. Peremende tunaweka pale pa kulipia, usawa wa macho ya mtoto, halafu tunamwachia mtoto kazi iliyobaki.

Msinitusi, ilikuwa kazi. Na niliijua, bana. (Siku moja nikiwa off nilitumwa kiberiti, nikarudi na vikombe sita na kiberiti nimesahau. Njia niliipanga mwenyewe. Hapo sitaki mjadala.)

Sasa tuingie kwa story.

Dada yangu ana duka Bungoma, karibu na soko. Mumewe alifariki, na hilo duka ndilo linasomesha watoto wake watatu. Hana shamba, hana kitu kingine. Lilikuwa duka la kizamani: kaunta ya mbao, grili ya waya, mteja anasimama nje anaitisha. Kwa veranda kulikuwa na benchi moja refu. Wateja wake wengi ni akina mama wanaoleta mboga sokoni, wengine wanatoka mbali huko Matulo.

Nilipoacha kazi Kitale nikaenda kukaa kwake. Nikaangalia lile duka, nikacheka. Nikamwambia mtu asipoingia ndani hawezi kutamani kitu, na kwamba aniachie tu, atashangaa.

Alifikiria siku mbili nzima. Halafu akavua ufunguo wa duka, ule huvaa shingoni kwa kamba, akaniwekea mkononi.

"Hawa watu nimewapata mmoja mmoja," akasema. "Ukiwapoteza, mimi sina pengine pa kuanzia."

Nikamwambia atulie, amepata fundi.

Nikang'oa grili. Sukari, unga na chumvi nikapeleka nyuma kabisa. Njiani nikapanga biskuti, mafuta ya kujipaka na vikombe vya maua. Nikaweka taa nyeupe. Chini nikaweka tiles nyeupe pia, zile ukiinama unajiona meno. Benchi nikalitupa huko nyuma ya duka, kwa sababu Kitale nilifunzwa mtu aliyekaa hanunui, na hilo nililiamini kama Biblia.

Siku ya kwanza ya soko ilikuwa imenyesha. Nimesimama kwa kaunta, shati nimechomekea, nangoja dunia ione.

Akafika Mama Simiyu. Huyu ni muuza mboga, mteja wa dada tangu duka lifunguliwe. Gamboti zake zilikuwa na matope hadi karibu na magoti. Akachungulia ndani. Akaangalia tiles, akaangalia miguu yake. Halafu akavua gamboti, akazipanga vizuri mlangoni, akaingia kwa vidole kama mtu ameingia kwa wakwe zake. Akachukua sukari, akalipa, akatoka. Vikombe vyangu hakuviangalia hata kidogo.

Waliomfuata wakaona gamboti mlangoni, nao wakavua. Si mnatujua? Ukikuta viatu kwa mlango wa mtu, unavua, huulizi. Kufika saa sita, mlango wetu ulikuwa kama wa msikiti siku ya Ijumaa.

Na mimi, mjinga, nikafurahi. Nikamwambia dada watu wanaheshimu duka.

Wakuu, tiles siku ya mvua ni baridi. Mtu mwenye miguu baridi hana wakati wa kuangalia vikombe. Anataka sukari yake atoke. Wengine soksi zilikuwa zimetoboka, wakaona haya. Wengine hawakutaka kuvua kabisa, wakasimama mlangoni wakaitisha vile walizoea.

Sasa ni nani anaenda kuleta sukari kule nyuma? Ni mimi. Ile njia yangu ya kutamanisha watu niliitembea mimi, kutwa nzima, nikipita biskuti kwenda na kurudi. Mteja pekee aliyeshawishika na hiyo design alikuwa mimi, na biskuti nilikula.

Nikawaomba waingie na viatu. Wakakataa, ati hawawezi kuchafulia mtu kwake. Nikaandika karatasi, USIVUE VIATU, nikabandika mlangoni. Mama mmoja akaisoma kwa sauti, akasema hawa watu wako na adabu sana, akavua.

Siku ya tatu ya soko walikuja wachache. Nikatazama ng'ambo ya barabara, nikamwona Mama Simiyu ameegemea grili ya duka lingine, na matope yake yote, anapiga stori. Dada naye alikuwa amemwona. Hakunigombeza. Tulipofunga alinyoosha tu mkono, nikamrudishia ufunguo.

Ni afadhali angenipigia kelele. Nimewahi kuandikiwa barua ya onyo kazini, lakini ule mkono uliniuma zaidi.

Kesho yake nikameza kiburi, nikamfuata Mama Simiyu hadi sokoni, nikamuuliza tumemkosea wapi. Aliendelea kufunga mafungu yake ya mboga, kisha akaniambia kwa upole:

"Duka yenu imekuwa nzuri, kijana yangu. Sasa ni ya watu wamenawa miguu."

Nilimpelekea dada hayo maneno vile yalivyo. Nikamwambia nitatafuta pesa ning'oe tiles. Aliendelea tu kumenya viazi.

Siku ya soko iliyofuata nilimkuta kwa duka mapema. Alikuwa amevaa gamboti, akakanyaga nazo matope ya barabarani zikajaa, halafu akaingia. Akatembea juu ya tiles zangu nyeupe kutoka mlangoni hadi kwa sukari, akazunguka vikombe, akarudi. Mimi nikakimbilia deki.

"Wacha," akasema. "Hiyo ndiyo karibu yangu."

Kisha tukabeba lile benchi, akaniambia tuliweke ndani, katikati.

Mama Simiyu alipita karibu na saa nne. Akachungulia. Akaona nyayo. Akacheka peke yake, akaingia na gamboti zake zote, akakaa chini kwa benchi huku akishukuru Mungu kwa magoti yake. Wenzake wakamfuata. Mvua ikaanza tena, hakuna aliyeharakisha.

Hapo ndipo ule ufundi wangu ukaamka. Mtu aliyekaa, macho yake yako wapi? Chini. Nikashusha vikombe shelf mbili, polepole, kama sina habari. Haukupita muda Mama Simiyu akauliza vile vya maua ni bei gani.

Alinunua vinne. Kitale walinidanganya: mtu aliyekaa hununua, ukimpa pa kukaa.

Jioni dada akavua ufunguo shingoni. "Kesho fungua wewe," akasema. "Na usipige deki."

Somo, wakuu: mimi bado naamini duka linaweza kumfanya mtu anunue, na mkinipa duka lolote nitawaonyesha. Lakini kabla hujapanga macho ya mteja yataangalia wapi, jua miguu yake imetoka wapi. Hilo la pili sikulifunzwa Kitale, nimefunzwa na mtu hajawahi kupanga supamaketi hata moja.

Wenye maduka njooni mseme vile mmepanga yenu. Na wewe uliyetumwa kiberiti ukarudi na taulo, usijifiche, toa ushuhuda.

Mimi nawaacha hapo, leo ni siku ya soko na ufunguo uko kwangu. Nimevaa gamboti.