Suruali ya Marehemu

Fundi cherehani, mjane wa miaka hamsini na mitatu, aliingia kwenye kikundi cha vichekesho kwa mdomo wake mwenyewe. Walimletea mavazi ya kushona, akakaa kutazama mazoezi, kisha akawaambia wazi kwamba hawachekeshi. Kiongozi wao, kinyozi aliyejiona nyota, akamwambia kama anajua zaidi apande yeye. Akapanda. Akamwigiza marehemu mumewe akitafuta miwani iliyokuwa puani kwake huku akilaumu nyumba nzima. Kinyozi alicheka mpaka akakaa chini.

Tamasha la mashindano ya sanaa lilipofika, igizo hilo ndilo lililowekwa mwisho, saa tisa alasiri, katika ukumbi wa shule. Fundi akavaa suruali yenyewe ya marehemu na kujifunga mto tumboni kwa kamba. Miaka yote ya ndoa alikuwa akifumua suruali za mumewe na kuziongeza kiuno, naye bwana akishikilia kwamba kitambaa ndicho kilichosinyaa.

Habari zikamfikia wifi yake, dada wa marehemu, mkunga mstaafu aliyezoea kusikilizwa. Akatuma ujumbe kwamba anakuja mwenyewe kukomesha upuuzi huo. Akaja kweli, akakaa mstari wa mbele, mkoba mapajani, kama anayesubiri kuitwa mahakamani.

Fundi alipochungulia na kumwona, aligeuka arudi nyuma. Lakini kinyozi alishamsukuma jukwaani. Basi akatembea, akapiga chafya, akatafuta miwani. Watu wakavunjika mbavu. Ndipo wifi akasimama.

"Wewe," alisema, "kaka yangu hakutembea hivyo."

Fundi akauliza alitembeaje.

"Tumbo lilitangulia, mwenyewe akafuata nyuma. Na chafya zake alikuwa anazitangaza kwanza."

Ukumbi ukaangua kicheko. Wifi akageuka kuwakemea, wakazidi. Kwa hasira akapanda jukwaani kuonyesha, mkono mmoja juu, pua imekunjamana: "Sogeeni, inakuja!" Ilikuwa sauti yenyewe ya marehemu. Fundi hakuwa ameisikia tangu mazishi. Alicheka, akalia, akacheka tena, mpaka kamba ikalegea na mto ukamshuka hadi magotini.

Wifi akautazama ule mto.

"Sasa hapo," alisema, "umempata."

Hawakushinda. Jaji mmoja aliwasifu kwa jinsi walivyoupanga ule ugomvi, nao wakapokea sifa bila kumsahihisha. Nyuma ya jukwaa walikaa kwenye benchi moja, na wifi akasimulia jinsi kaka yake alivyofukuzwa kwenye kwaya kwa kukoroma katikati ya wimbo, jambo ambalo mkewe hakuwahi kuambiwa. Kisha akasema bado amekasirika, na akauliza mazoezi ni siku gani.

Siku hizi wanapanda wote wawili, na katika kila mazoezi wanagombana kuhusu tumbo la marehemu lilifika wapi. Kinyozi amebaki kufungua pazia.