Kiuno cha Daftarini

Dada yangu ni fundi cherehani, na kwa miaka ishirini na minane hajawahi kukata kitambaa cha mtu bila kumpima kwanza. Hata aliyeshonewa mwezi uliopita husimamishwa upya. "Mwili haudanganyi, shoga," huwaambia, "anayedanganya ni mwenye mwili." Wateja hucheka. Wanamwita Mama Tepu.

Hedhi yake ilikoma akiwa na miaka hamsini na moja. Lilianza joto: yuko kwenye mashine, jasho linamtiririka mpaka anaogopa kuchafua nguo za watu. Kisha likaja tumbo, mikono ikajaa, na chakula ni kile kile, tena alikipunguza. Daktari alimwambia homoni zimeshuka na wengi hupitia hayo. Alirudi nyumbani, akakigeuzia ukutani kioo cha chumbani kwake.

Bintiye alipochumbiwa, dada alitoa sandukuni kitambaa cha kijani. Marehemu mama yetu alimwachia akisema, "Utakivaa siku ya kumwoza mwanao." Mita tatu tu, na madukani hakipo tena.

"Dada, njoo nikupime," nikamwambia.

"Unipime nini? Vipimo vyangu viko daftarini."

Kweli vilikuwamo. Kiuno inchi ishirini na tisa, cha miaka kumi na miwili nyuma. Nilijua, naye alijua. Nikaufyata ulimi, maana wa kwake ni mkali kuliko mkasi, na hilo najilaumu mpaka leo.

Alikata, akashona. Alipolivaa, gauni liligoma nyongani. Akalivuta kwa hasira, likapasuka ubavuni. Kuongeza hakukuwezekana: mishono haikuachiwa akiba, na vipande vilivyobaki havikutosha hata mfuko. Akakaa sakafuni, gauni limemkaba, akalia kama siku ya kumzika mama.

"Nimepima miili ya mtaa mzima," akasema. "Huu wangu siujui."

Nilichukua tepu. Safari hii alinyoosha mikono mwenyewe.

"Usisome kwa sauti," akaniomba.

Harusini alivaa gauni la kahawia, na lilimkaa vizuri. Watu walimsifu, akawaitikia bila kuwatazama. Wakati wa picha bibi harusi akamnong'oneza, "Mama, kile kitambaa cha bibi kiko wapi?"

"Nilikikata vibaya," akajibu.

Miaka yote ya ufundi wake, sikuwahi kumsikia akikiri hivyo. Na hata siku hiyo, hakikuwa kitambaa alichokosea.