Nafunga na mizani haishuki: intermittent fasting, magoti yangu na shamba la Idete

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, wadogo, marahaba. Nitakayoandika ni yale ninayoweza kuyasimulia mbele ya jumuiya yetu hapa Ifakara, na wanaonijua wakaitikia amina.

Mimi ni mama mtu mzima, mjane, nina wajukuu. Nina majaruba ya mpunga kule Idete. Msimu uliopita magoti yalinikatalia. Nikiingia kwenye matope, kutoka ni mpaka nivutwe mkono.

Daktari akasema magoti yamechoka kunibeba, nipunguze uzito.

Mwanangu Godi naye akaja na lake.

"Mama, shamba tukodishe. Wewe kaa ule wali."

"Wali wa nani?"

Tukakubaliana: wakati wa kupandikiza ukifika, nikishindwa hata mstari mmoja, anakodisha.

Basi nikaanza intermittent fasting, kwa ruhusa ya daktari. Nakula saa sita mchana, nakula tena jioni kabla ya giza, nimemaliza. Asubuhi sigusi chakula. (Mwenye kisukari au anayetumia dawa asiniige, aulize kwanza.)

Kila Jumamosi napanda mizani ya duka la dawa. Wiki za mwanzo, kimya. Kisha mshale ukapanda! Nilirudi nyumbani nikala vitumbua asubuhi asubuhi, kwa hasira, Mungu anisamehe.

Jirani yangu Mama Zaituni, Mwislamu mwenye Ramadhani zake nyingi, akanikuta siku moja barazani nina kikombe, jua halijafika utosini.

"Mama Godi, si umefunga?"

"Nimefunga. Hii togwa tu."

"Togwa tu?"

"Ni kinywaji, mama, si chakula."

Alicheka mpaka akashika nguzo. "Wewe hujafunga! Umehamisha uji kutoka kwenye bakuli ukautia kwenye kikombe!"

Wakuu, huku kwetu mtu anaweza kushiba ndizi na viazi na bado akasema hajala, kwa kuwa hajaona wali. Togwa, uji mwepesi wa unga na kimea, ndiyo kabisa, ni ya kupoza koo. Na yangu niliitia sukari.

Nikaiacha.

Mkidhani mizani ilishuka siku hiyo, hapana. Ilishuka kidogo mno, kwa kusitasita. Wenzangu wa kwaya wakapata la kusema: "Mama Godi, hiyo diet yako inakuja kwa miguu kutoka Kidatu?"

Kilichonishikilia ni hiki. Nimefunga Kwaresima tangu usichana wangu. Sijawahi hata mara moja kumuuliza Mungu wiki ya kwanza, "Matokeo yako wapi?" Mbona mwili aliouumba yeye naudai kwa pupa?

Nikaachana na mizani ya kila Jumamosi. Nikashika utaratibu, na kutembea jioni.

Mvua zikaja, miche ikawa tayari. Godi akanipeleka Idete. Tukamkuta bwana mmoja anazungukia majaruba yangu, anayatazama kama yake. Alikuwa ameitwa na Godi, aje kukodi.

Nilimsalimu, nikajifunga kanga, nikachukua miche, nikaingia.

Goti liliuma, sidanganyi. Nainama, napandikiza, narudi nyuma hatua, nainama tena. Mstari ukaisha. Nikanyooka mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono. Nikaanza wa pili.

Yule bwana akamgeukia Godi. Godi akakuna kichwa.

"Mzee wangu, utusamehe. Mwenye shamba yupo kazini."

Nilimshukuru Mungu hapo hapo, matope yakiwa magotini.

Nilichojifunza: hakikisha kwanza unafunga kweli, kisha upe mwili muda wake. Sijawa mwembamba, na bado naendelea, kwa utaratibu ule ule.

Ninyi ambao mizani imewagomea, mnajipa moyo vipi? Andikeni. Nasoma polepole, lakini nasoma yote.