Polisi Walivunja Mlango Wangu Wakitafuta Bangi

Admin, naomba ufiche jina langu, Kitengela ni padogo. Mimi ni mjane wa miaka hamsini na mbili, sikujaliwa mtoto. Naishi chumba kimoja kwenye ploti upande wa kwenda Isinya, na kazi yangu ni kuuza dawa za kienyeji za kutia kwenye supu. Kuna mama Mmaasai huniletea maganda ya mti wanaouita olkiloriti, mimi nayatwanga na kuyafunga kwenye vikaratasi vya gazeti. Wateja wangu ni wanaume wapenda supu ya mbuzi. Wanabisha, wanachukua, wanaenda zao.

Asubuhi moja nikiwa natwanga, polisi waliingia na mlango. Wangebisha ningefungua, kwani ningekimbilia wapi na magoti haya? Walipasua godoro, wakamwaga kila kitu, wakanitoa nje na pingu huku majirani wakitazama.

"Tumeambiwa unauzia watu bangi," mmoja alisema.

"Afisa, hebu onja. Hiyo ni ya supu."

Hakuonja. Jioni, kule kituoni, mkubwa wao alinusa karatasi moja, akacheka, akaniambia niende nyumbani. Hata pole sikupewa.

Walinichukua mbele ya watu wote, lakini nilirudi peke yangu kwa miguu, na hakuna aliyewatangazia majirani kwamba ni maganda tu. Ilikuwa zamu yangu kukaribisha ushirika wa akina mama wa kanisa. Nilipika chai sufuria nzima, nikangoja, kumbe walihamia kwa mwingine bila kuniambia. Niliumia sana. Wateja nao waliisha. Siku hizi namuuliza mwenye duka bei ya sabuni ninayoijua vizuri, ili tu nisikie mtu akinijibu.

Aliyekuja kunitengenezea mlango ni fundi wa kuchomelea, jirani yangu, baba wa watoto. Alipomaliza alikataa pesa. Akakaa kwenye kiti, akalia.

"Mama, ni mimi nilikutaja. Walinishika na msokoto wa bangi, wakasema nipeane mwenye anauza ama niende ndani."

"Kwani uliwahi kuniona na bangi?"

"Hapana. Niliona tu watu wakitoka hapa na vikaratasi."

"Na wale wenye wanauza kweli, mbona hukuwataja?"

"Hao wako na watu, Mama. Wangenimaliza. Wewe hauna mtu. Nilijua hakuna mwenye atakuja kuniuliza."

Pingu hazikuniuma kama maneno hayo. Nilimfukuza. Jumamosi iliyofuata alirudi, akaniambia polisi wanamtaka awape nyumba nyingine, na hajui atasema nini. Aliniomba nisimtaje. Nikimtaja kwa majirani, jina langu litasafika, lakini nawajua watu wa hapa wakiwa na hasira, hawangoji korti. Nikinyamaza, kuna mlango wa mtu utavunjwa, na pengine huyo hataachiliwa kwa kicheko kama mimi.

Sasa niwaambie lile ninaloona haya kulisema. Kila Jumamosi bado anakuja. Nampikia chai, ananieleza habari za watoto wake, na mimi nacheka. Ndiye mtu pekee anayebisha mlango wangu. Wiki nzima nangoja hiyo siku, na yeye ndiye aliyenifanya nikose wengine wote.

Ninyi mlio na watu wenu, niambieni, mngemtaja?